Rifainari ya Changamwe: Kiwanda Kilichoishi kwa Sheria

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianzishwa mwaka 1960, Shell na BP zilipounda kampuni iliyoitwa East African Oil Refineries Limited. Soko lililokusudiwa halikuwa Kenya peke yake. Uganda na Tanganyika zilihesabiwa pia, kwa kuwa nchi hizo tatu siku hizo zilitumia shilingi moja, reli moja na posta moja. Kuchagua mahali hakukuwa kazi ngumu: kisiwani Mombasa nafasi ilikuwa finyu, lakini ng'ambo ya Makupa kulikuwa na ardhi, reli ya Nairobi ilipita papo hapo, na chini ya mteremko palikuwa na Kipevu, penye kina kinachofaa meli za mafuta. Mitambo ya kwanza iliwashwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru.

Mafuta ghafi yaliletwa kutoka Ghuba, hasa aina ya Murban ya Abu Dhabi, yakashushwa Kipevu na kusukumwa kwa bomba hadi Changamwe. Huko yalipashwa moto na kutenganishwa: gesi ya kupikia juu kabisa, kisha petroli, mafuta taa, mafuta ya ndege na dizeli, na chini yakabaki mafuta mazito na lami. Kiwanda kilikuwa cha aina sahili. Hakikuwa na mitambo ya kuvunjavunja mafuta mazito ili yatoe petroli na dizeli zaidi. Mwaka 1963 hilo halikuwa kosa, maana meli, mitambo ya umeme na tanuri za saruji zote ziliyataka mafuta hayo mazito. Lilikuja kuwa tatizo baadaye, magari yalipoongezeka na bei ya kila pipa la mafuta ghafi kupanda.

Jambo la kuangalia zaidi kuliko mitambo ni namna kiwanda kilivyopata pesa. Rifainari haikununua mafuta wala kuyauza. Ilifanya kazi kama mashine ya posho mtaani: mwenye mahindi huleta yake, hulipa ada ya kusagiwa, na huondoka na unga wake. Makampuni yenye vituo vya mafuta yaliagiza mafuta ghafi, yakalipia kila tani iliyosafishwa, yakachukua mazao yao. Bei ya mafuta duniani ikipanda au ikishuka, hasara au faida ilikuwa ya wenye mafuta. Kwa upande wa kiwanda ulikuwa utaratibu salama mno, mradi tu wateja waendelee kuja.

Kwa miaka mingi walikuja, kwa sababu wateja wakubwa ndio waliokuwa wenye kiwanda. Serikali ya Kenya ilichukua nusu ya hisa mwaka 1971, na nusu nyingine ikabaki kwa makampuni ya mafuta, zikiwamo Shell, BP na Caltex, ambayo baadaye ilijulikana kama Chevron. Awamu ya pili ya mitambo ilikamilika mwaka 1974, wakati dunia ingali ikiyumba kwa mfumuko wa bei ya mafuta wa mwaka uliotangulia. Soko la pamoja, hata hivyo, lilikuwa limeanza kumegeka. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha TIPER huko Kigamboni tangu 1966, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 bomba la kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, likapunguza mzigo wa reli na malori ya mafuta. Jina lilipobadilishwa kuwa Kenya Petroleum Refineries Limited mwaka 1983, lilikuwa likikiri tu hali iliyokuwapo: kiwanda cha Afrika Mashariki kilikuwa kimekuwa cha Kenya.

Changamwe nayo ilibadilika. Mashamba na minazi vilipisha mitaa ya wafanyakazi wa bandari, reli na viwanda. Chaani, Magongo, Port Reitz na Mikindani zilijaa nyumba za kupangisha, nyingi zikiwa zile za vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu. Waliokula kwa mgongo wa rifainari walikuwa wengi kuliko walioingia langoni mwake kwa zamu: madereva wa malori, mafundi wa gereji, wauza chakula kando ya barabara, wenye nyumba.

Oktoba 1994 serikali ililegeza biashara ya mafuta. Bei zikaachiwa soko, na kampuni mpya zikaruhusiwa kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Hapo ndipo ulipoonekana udhaifu uliokuwa umejificha. Ikiwa petroli iliyo tayari ingeweza kushushwa Mombasa kwa bei nafuu, nani angelipia kusafisha Changamwe? Jibu la serikali lilikuwa sharti: tani milioni 1.6 za mafuta ghafi zipitie rifainari kila mwaka, na kila kampuni ibebe sehemu yake. Tangu hapo kiwanda kiliishi kwa sheria zaidi ya kuishi kwa biashara. Na wenye hisa, wakijua kwamba sharti likifutwa wateja watatoweka, hawakuwa na haraka ya kumwaga mtaji mpya.

Dunia haikusubiri. Mwaka 1999 kiwanda kikubwa cha Reliance kilifunguliwa Jamnagar, jimbo la Gujarat nchini India, upande wa pili wa bahari ile ile. Viwanda vya aina hiyo vilisafisha kwa wingi kiasi kwamba gharama ya kila tani haikuweza kulinganishwa na ya Changamwe. Viwango vya ubora navyo vilikazwa: petroli yenye risasi iliondolewa sokoni mwanzoni mwa 2006, kisha dizeli yenye salfa nyingi ikaanza kupigwa vita. Mitambo ya miaka ya 1960 na 1970 haikuundwa kwa masharti hayo.

Mwaka 2009 Shell, BP na Chevron ziliuza hisa zao kwa Essar ya India. Nusu ya rifainari pekee ya nchi ilikwenda kwa takriban dola milioni 7, bei inayoeleza vyema wauzaji waliionaje. Essar iliahidi ukarabati ambao makadirio yake yalipita dola bilioni 1. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda chake Vadinar, Gujarat, chenye uwezo unaozidi kwa mbali kile ambacho Changamwe ilisafisha kwa mwaka.

Julai 2012 utaratibu wa ada uliachwa, na rifainari ikatakiwa inunue mafuta ghafi yenyewe na kuuza mazao. Kwa hatua hiyo ilibebeshwa hatari iliyoikwepa kwa nusu karne: mikopo ya benki, mabadiliko ya bei, na wateja wanaoona bidhaa ya nje ni rahisi zaidi. Makampuni yalisita kuchukua mafuta yake. Septemba 2013 usafishaji ulisimama, na mwezi uliofuata Essar ikatangaza kujiondoa kwa kuiuzia serikali hisa zake kwa dola milioni 5, kama mkataba ulivyoruhusu. Serikali ilimiliki kiwanda chote mwaka 2016. Wengi waliilaumu Essar, lakini lawama hiyo haitoshi: serikali ilitaka mafuta ya bei nafuu na rifainari ya ndani kwa pamoja, bila kusema nani angelipa tofauti. TIPER ya Kigamboni ilikuwa imeacha kusafisha zaidi ya miaka kumi kabla, ikageuzwa ghala.

Changamwe ilifuata njia hiyo hiyo. Kuanzia 2018 matangi yake yalipokea mafuta ghafi ya Turkana yaliyosafirishwa kwa malori, mafuta yenye nta yanayohitaji kupashwa joto yasigande. Agosti 2019 mapipa 200,000 yaliuzwa ng'ambo. Mwaka 2022 gati jipya la mafuta lilizinduliwa Kipevu, kwa kazi kubwa ya kupokea bidhaa zilizosafishwa kwingine. Mwaka 2023 Kenya ilianza kununua mafuta kwa mkopo kupitia kampuni za serikali za Saudia na Falme za Kiarabu, na mwaka huo huo rifainari ikakabidhiwa Kampuni ya Bomba la Mafuta. Katika eneo lake sasa umepangwa mradi wa kuhifadhi tani 30,000 za gesi ya kupikia, ambayo jikoni nyingi za Mombasa zimeizoea badala ya makaa na mafuta taa. Gesi hiyo itatoka ng'ambo kwa meli.