Beatrice Tinsley na Umri wa Galaksi

Umepata kujiuliza, ewe msomaji, kazi ya mwanachuoni hupimwa kwa kipimo gani? Mkulima hupimwa kwa magunia, na mvuvi kwa samaki wake. Mwanachuoni huandika makala, na kila makala mapya ya elimu hutaja yale ya zamani yaliyoyasaidia. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alianza kuchapisha faharasa kubwa iliyoonyesha ni makala yapi yaliyotajwa, na ni nani aliyeyataja. Tangu hapo watu wamezoea kuhesabu: fulani ameandika makala mangapi, nayo yametajwa mara ngapi? Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini tuitazame vyema kwa kufuata maisha ya mtu mmoja.

Beatrice Tinsley alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1941, akakulia New Zealand. Aliolewa na mwanafizikia, na mwaka 1963 wakahamia Dallas, katika jimbo la Texas, ambako mume alipata kazi. Yeye mwenyewe hakupata pale nafasi iliyolingana na elimu yake. Hakukata tamaa. Mwaka 1964 alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka nyumbani, akawa akienda na kurudi. Mwaka 1966 alikuwa amekwisha kumaliza tasnifu yake ya udaktari.

Tasnifu hiyo ilihusu galaksi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota, ambayo jua letu ni nyota moja tu katika mojawapo. Siku hizo Allan Sandage, bingwa mwenye sifa kubwa, akitumia darubini ya Palomar huko California, alizifanya galaksi zing'aazo kuliko nyingine kuwa taa za kupimia umbali. Fikiri juu ya karabai za wavuvi baharini usiku. Ikiwa zote zina nguvu sawa, ile iliyofifia ndiyo iliyo mbali. Kwa njia hiyo alitumaini kujua kama ulimwengu utaendelea kutanuka daima, au siku moja utarudi na kujikunja.

Lakini je, ikiwa nguvu ya karabai hubadilika kadiri inavyowaka? Hapo ndipo Tinsley alipouliza swali lake. Nuru ya galaksi ya mbali husafiri miaka mingi mno kabla ya kutufikia. Basi tunaiona galaksi ile jinsi ilivyokuwa zamani, ingali changa. Na galaksi changa haina nuru sawa na iliyozeeka, kwa maana nyota kubwa huwaka kwa nguvu na kufa mapema, na nyingine huzaliwa katika gesi iliyobaki. Alifanya hesabu za mabadiliko hayo hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba asiyeujali umri wa galaksi atakosea hata mwisho wa ulimwengu. Si jambo jepesi kijana asiye na cheo kumwambia bingwa kwamba kipimo chake kina kasoro. Ubishi ulidumu miaka mingi, lakini hesabu zilisimama.

Mwaka 1974 ndoa yake ilivunjika, na watoto wawili waliokuwa wamewalea wakabaki na baba yao. Mwaka 1975 alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa elimu ya nyota chuoni humo. Mwaka huo huo aligundulika kuwa na saratani. Mkono wa kulia uliposhindwa kuandika, akajifunza kuandika kwa wa kushoto. Makala yake ya mwisho aliyapeleka kwa wachapishaji siku chache tu kabla ya kufa, mwezi wa Machi 1981, akiwa na umri wa miaka 40.

Katika muda wa miaka 14 alikuwa ameandika makala yapata 100. Aliyoyatoa mwaka 1968 kutokana na tasnifu yake yalihusu mabadiliko ya nyota na gesi katika galaksi. Mwaka 1980 alitoa mengine marefu yenye jina lile lile, akikusanya yote yaliyojulikana. Hayo ya pili yametajwa mamia kwa mamia ya mara, kwa kuwa atakaye kujua historia ya galaksi huanza na njia aliyoifungua. Si kwamba wanamheshimu marehemu tu. Wanakitumia chombo alichokiunda.

Basi, msomaji, angalia: hesabu ya kutajwa huja nyuma ya kazi, kama vile mavuno yajavyo nyuma ya jembe. Siku zile alipokuwa akisafiri baina ya Dallas na Austin, hesabu hiyo isingalimshuhudia kwa lolote. Kilichokuwapo ni swali zuri na subira ya kulijibu. Utakapoambiwa kwamba mtu fulani ametajwa mara nyingi, usistaajabu kwanza. Uliza: ni nini wenziwe wanachokijua leo, ambacho wasingalikijua bila yeye?