Warushaji waliokuwa hawatoki uwanjani

Najua wengi wenu mkiona besiboli kwenye runinga mnabadilisha chaneli. Leo nivumilieni kidogo, maana humu ndani kuna suala la kazi na mwili wa mfanyakazi.

Mechi ina awamu 9. Kila timu ina mrushaji anayeianza, na zamani huyo huyo ndiye aliyetarajiwa kuimaliza. Cy Young, kati ya 1890 na 1911, alimaliza mechi 749. Jack Taylor, kuanzia 1901 hadi 1906, alianza mechi 187 mfululizo na zote akazimaliza! Mei 1, 1920, mjini Boston, Leon Cadore na Joe Oeschger walirusha awamu 26 kila mmoja. Giza likaingia, mechi ikavunjwa ikiwa 1-1.

Je, walikuwa watu wa chuma? Sidhani. Mpira wa enzi zile ulichakaa na haukuruka mbali, kwa hiyo mrushaji aliweza kutumia nguvu kiasi na kujibakizia nyingine kwa saa ya hatari. Alipokuja Babe Ruth na kupiga mipira 54 nje ya uwanja mwaka 1920, mambo yakabadilika. Kila mpira ukawa wa hatari.

Hata hivyo desturi haikufa haraka. Mimi naipenda mechi ya Julai 2, 1963, San Francisco. Upande mmoja Juan Marichal, kijana wa miaka 25 kutoka Jamhuri ya Dominika. Upande wa pili Warren Spahn, mzee wa miaka 42. Awamu 9 zikaisha 0-0. Zikafika 12, 14, 15, na hakuna aliyekubali kutoka. Inasimuliwa kwamba kocha alipotaka kumpumzisha Marichal, kijana alimwonyesha yule mzee aliyekuwa bado anarusha. Atoke vipi yeye? Awamu ya 16 Willie Mays akaupiga mpira wa Spahn nje, ikawa 1-0. Marichal alikuwa amerusha mara 227.

Sasa linganisheni na Oktoba 27, 2020, mechi ya sita ya fainali. Blake Snell wa Tampa Bay anaongoza 1-0, ameshawaondoa wapigaji 9 kwa mapigo matatu, amerusha mara 73 tu. Kocha wake, Kevin Cash, akaja kumtoa katika awamu ya sita. Takwimu zinasema wapigaji wakikutana na mrushaji mara ya tatu wanakuwa wameshamzoea. Snell alionekana wazi kukasirika. Dodgers wakashinda 3-1 wakabeba ubingwa. Kwa maoni yangu siku ile kikokotoo kilimshinda kocha macho.

Lakini tusiwatukane madaktari na wahasibu bure. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kwenye mkono wa kulia wa Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, na tangu hapo mamia ya warushaji wamepitia kisu hicho. Mwaka 2022 Sandy Alcantara wa Miami, naye Mdominika, alimaliza mechi 6, nyingi kuliko yeyote msimu ule, akapewa tuzo yenye jina la Cy Young. Oktoba 2023 akafanyiwa upasuaji huo huo. Msimu wote wa 2024 hakurusha hata mpira mmoja.