MALAIKA: WIMBO ULIOZALIWA BILA KADI

SEHEMU YA 1

Niliwaahidi tungeendelea na mambo ya kunyonyesha. Tutaendelea, ila ngoja kwanza niwasimulie jambo la zamu ya usiku.

Kulikuwa na binti wa uzao wa kwanza. Mtoto analia, yeye anambembeleza kwa wimbo wa Malaika. Bibi yake aliyekuja kumuuguza akaangua kicheko. "Mjukuu wangu, huo siyo wimbo wa mtoto. Huo ni wa mwanaume aliyekosa ng'ombe!"

Wodi nzima tukacheka. Binti akabaki ameduwaa. Akaniuliza, "Kwani sista, huu wimbo ni wa nani?"

Nikataka kujibu haraka haraka, nikashindwa. Maana hilo swali watu wazima wamegombania miaka na miaka. Basi leo tuliongelee. Wamarekani weusi wana nyimbo zao za soul, za kutoka rohoni. Sisi wa Kiswahili, nikiulizwa mimi, tuna Malaika.

SEHEMU YA 2

Kwanza bibi alikuwa sahihi. Malaika anayeimbwa mle si kichanga, ni mchumba. Kijana anampenda binti, anataka kumuoa, mali hana. Ni hayo tu. Huku kwetu Kyela haihitaji mkalimani. Mahari ya Wanyakyusa tangu zamani ni ng'ombe, na hata leo mtu akileta hela, wazee wanazihesabu kwa ng'ombe. Kijana anayelima mpunga wa kupata gunia chache anajua kabisa huyo mwimbaji analia nini.

Sasa nani aliutunga?

Jina linalojulikana zaidi ni Fadhili William, Mkenya wa Taita, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliurekodi Nairobi akiwa na bendi yake ya Jambo Boys. Santuri ikatoka, redio zikapiga, watu wakaupenda. Jina lililoandikwa ni la kwake, kwa hiyo ndiye aliyetambulika kulipwa kama mtunzi.

Ila kuna mzee wa Kitanzania, Adam Salim. Wanaomtetea wanasema aliutunga miaka ya 1940 akiwa Nairobi, kwa ajili ya binti aliyempenda, wazazi wakamwoza kwa mtu mwingine. Na wako wanaomtaja Mkenya mwingine, Grant Charo, kwamba naye aliuimba mapema.

Cha kushangaza, hata upande wa Fadhili kunasimuliwa hadithi inayofanana na ile ya Adam Salim: msichana alipendwa, mali ikakosekana, akaolewa na mwingine. Hadithi moja, wenyewe wawili! Mimi siyo hakimu. Labda ndiyo sababu wimbo umedumu, maana kila mtaa ulikuwa na kijana wa namna hiyo.

SEHEMU YA 3

Wimbo haukukaa Nairobi. Aliyeutembeza dunia ni mama mmoja wa Afrika Kusini, Miriam Makeba. Akina mama, huyu mtulie nimwelezee kidogo.

Mwaka 1960 Makeba alikuwa Marekani, akapata habari kuwa mama yake mzazi amefariki. Akataka kurudi kumzika. Serikali ya makaburu ikawa imeifuta pasipoti yake. Hebu fikiria, mama yako amelala ndani, wewe unazuiwa kuja kumzika kwa sababu ya karatasi! Baadaye nchi kadhaa zilimpa pasipoti zao, na Tanzania yetu ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte wakatoa albamu ya pamoja, Malaika imo ndani. Mwaka uliofuata albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Wazungu wasiojua hata "shikamoo" wakawa wanauimba kwa Kiswahili. Boney M wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake ya mwaka 1991. Makeba aliendelea kupanda jukwaani mpaka siku ya mwisho: Novemba 2008 alimaliza kuimba huko Italia, akaanguka, akafariki usiku uleule. Alikuwa na miaka 76. Fadhili William alikuwa ameshatangulia mwaka 2001.

Kwa hiyo wimbo wa kijana asiye na mali umepita nyumba za matajiri dunia nzima. Na bado ukiuliza baba yake ni nani, ugomvi unaanza upya.

SEHEMU YA 4

Mtasema, nesi, hayo yanatuhusu nini?

Chuoni walitufundisha kitu kimoja ambacho kila nesi anakijua: kisichoandikwa hakikufanyika. Unaweza kuwa umempa mgonjwa dawa kwa mkono wako, usipoandika kwenye faili, atakayekuja zamu inayofuata atahesabu hajapewa. Siyo kwamba wewe ni mwongo. Karatasi haipo, basi.

Kama ni kweli Adam Salim aliutunga ule wimbo, basi kilichomponza ndicho hicho. Hakuna aliyeandika siku ile. Fadhili santuri yake ilikuwa na jina, yeye alikuwa na kumbukumbu. Na kumbukumbu ikipambana na karatasi, mara nyingi inashindwa.

Sasa ninyi mama zangu wa Katumba Songwe. Nawaona kliniki. Mtoto ana miaka mitatu, amenona, chanjo zote amemaliza, ukimuuliza mama cheti cha kuzaliwa, "Aa sista, tunasubiri kwanza baba yake ajitambulishe nyumbani." Mahari tena! Kijana anahangaikia ng'ombe, na mtoto anasubirishwa cheti. Mdogo wangu, mambo ya ng'ombe wazee watayamaliza kwa wakati wao. Mtoto hana muda wa kusubiri. Kesho shule itadai cheti, keshokutwa atahitaji kitambulisho, na hapa tulipo mpakani ndiyo kabisa, mtu akikuuliza mtoto ni wa Tanzania au wa ng'ambo ya mto, utajibu na nini?

Mkoa wetu wa Mbeya ulianza mwaka 2013 utaratibu wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano karibu na nyumbani. Nenda kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, na kadi ya kliniki au tangazo la kizazi mkononi. Cheti hicho ni bure.

Yule binti, asubuhi nilipokuwa namjazia kadi, nikamuuliza jina la mtoto. Akasema bado hawajapanga. Bibi akadakia, "Si mwandike Malaika!" Binti akatabasamu, akasema, "Haya sista, andika." Nikaandika, na tarehe nikaweka.

Huyu hatagombaniwa.

Haya, niambieni: mama yako alikubembeleza kwa wimbo gani? Uandike hapa chini, hata kama ni wa Kinyakyusa na hujui nani aliutunga. Ila majina na tarehe za watoto msiweke huku mtandaoni, hizo pelekeni ofisi ya kata.

Jumatano tunarudi kwenye kunyonyesha.