Kwa nini mashine ya Ami ilikuwa ikizima: historia ya cheche

Samahanini wasomaji kwa kimya cha wiki mbili. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa Bandari ya Kale, mikono imejaa grisi, nikitafuta kwa nini mashine ya boti ya Ami yangu inazima yenyewe. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nilidhani mtu aliyezoea kuwinda hitilafu hawezi kushindwa na injini ndogo ya miaka ya 80. Nilishindwa, lakini nimerudi na historia.

Kwanza dalili. Mashine inawaka kwa mvuto wa pili, inakwenda vizuri dakika 20, halafu inakatika kama taa ya stima. Ikipoa nusu saa, inawaka tena. Mara ya mwisho ilikatika nje ya mwamba, kusi inavuma, Ami na vijana wawili na kafi moja. Walifika salama, ila walikuwa wanasikia mawimbi yakipasuka mwambani. Shangazi akasema boti haitoki tena, na Ami akaanza kuulizia mnunuzi.

Haya, historia. Kisiwa hiki kimeona injini za kila aina, na ajabu ni kwamba zile kubwa hazikuwa na tatizo hili. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu 1901, yote kwa mvuke, na mvuke unataka kuni na maji, hautaki cheche. Majahazi yalipofungwa injini yalifungwa za dizeli, nazo hubana hewa mpaka inapata joto kali, na mafuta yakinyunyiziwa humo yanawaka yenyewe. Wenye kuteseka na cheche ni sisi wa petroli: boti ndogo, pikipiki, tuk-tuk.

Na cheche iliwasumbua wakubwa. Gari la Karl Benz la 1886 lilitumia betri na koili, na betri za wakati ule zilikuwa zinakwisha haraka. Robert Bosch akashughulika na magneto, yaani sumaku inayozunguka kando ya waya na kuzaa umeme wake yenyewe. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wake, akatoa magneto ya volti kubwa pamoja na plagi. Betri hakuna. Ole Evinrude alipoanza kuuza mashine zake za boti huko Milwaukee mwaka 1909, dunia ilikuwa tayari imeanza kuzoea kubeba injini mkononi, na mashine ya boti isiyohitaji betri baharini ni neema.

Magneto ya zamani ilikuwa na pointi: vipande viwili vya chuma vinavyoachana kila injini inapozunguka. Vikiingia chumvi, wazee walivipiga msasa na safari ikaendelea. Ami mwenyewe anasema aliwahi kuvisafisha kwa ganda la kiberiti akiwa majini.

Kisha wakaja General Electric na thairista mwaka 1957. Kwa sisi watu wa programu, hiyo ni "kama" iliyotengenezwa kwa silikoni: ikipata ishara inafungua, isipopata inabaki imefunga. Ndipo ikazaliwa CDI. Koili iliyo chini ya flaiwili inajaza kapasita volti mia kadhaa, koili ndogo ya pili inatoa ishara, thairista inafungua, na umeme wote unamwagika kwa mkupuo kwenye koili ya plagi. Kawasaki waliiweka kwenye pikipiki yao ya H1 mwaka 1969. Pikipiki za theluji za Kanada zikaichukua pia. Nilisoma mwongozo mmoja wa zamani na mchoro wake ungeweza kuwa wa mashine ya Ami. Wao adui wao ni baridi na maji ya theluji, sisi ni chumvi na jua.

Faida ni kwamba hakuna cha kupiga msasa. Hasara ni hiyohiyo. CDI ni boksi jeusi lililojazwa gundi ngumu, na fundi asiyejua hulilaumu kwanza kwa sababu halioni ndani. Mimi nilifanya hivyo. Nilibadilisha plagi, nikanunua CDI ya mtumba kwa pesa zangu, mashine ikazima dakika ya 20 vilevile.

Mzee mmoja fundi akanicheka. "Kijana, wewe wabadilisha. Hujapima." Akaanza kwa kuchomoa waya wa swichi ya kuzimia. Hapa wengi hukosea: kwenye gari, swichi inakata umeme, lakini kwenye magneto na CDI swichi inaupeleka umeme kwenye bodi ya injini. Ikiliwa na chumvi ikagusana, injini haina moto hata kila kitu kikiwa kizima. Haikuwa hiyo. Pia alinikataza kuamini cheche ya plagi iliyotolewa nje, kwa sababu ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche inataka volti nyingi zaidi.

Akapima koili ya kujazia ikiwa baridi: sawa na kitabu. Mimi ningeishia hapo. Yeye akafunga mashine kwenye pipa la maji, akaiacha ifanye kazi mpaka ikafa, na papo hapo akaweka testa kwenye nyaya zilezile. Mita haikusoma kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani ya koili, ukipoa ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana.

Tuliipeleka ikasukwa upya kwa waya wa shaba. Jumamosi tuliiendesha saa moja na nusu ndani ya Tudor, Ami akiwa ameshika usukani, mimi nimeshika kafi. Kwa sasa mnunuzi ameambiwa asubiri. Ile CDI ya mtumba bado ninayo, anayeihitaji aseme.