Nani Amelinganishwa na Nani? Parasetamoli, Usonji na Habari za Septemba 2025

Tarehe 22 Septemba 2025, Rais Donald Trump alisimama Ikulu ya Marekani akawaasa wajawazito wajiepushe na parasetamoli, dawa ambayo huko hujulikana kama Tylenol na kwetu karibu kila mtu huiita Panadol. Dai lilikuwa kwamba inachangia usonji kwa watoto. Siku hiyohiyo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA) iliwaandikia madaktari barua yenye sauti ya chini zaidi: uhusiano umeonekana katika tafiti nyingi, lakini haijathibitishwa kwamba dawa ndiyo chanzo. Tangazo lilivuma dunia nzima, barua haikuvuma. Sidai kwamba habari zilizofuata zilikuwa za uongo. Nadai kwamba ziliruka swali ambalo pasipo hilo asilimia yoyote haina maana: waliomeza dawa wamelinganishwa na nani?

Kwamba parasetamoli ikizidishwa huharibu ini hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye mimba. Mwaka 2021 wanasayansi 91 walitia saini tamko la kutaka wajawazito watahadharishwe, na Agosti 2025 mapitio ya tafiti 46 yakaongeza uzito upande huo. Mapitio hayo hayanishawishi. Tafiti nyingi kati ya hizo zina udhaifu mmoja, na kuzitia kapu moja hakuuondoi. Mjamzito hamezi Panadol kwa kupenda ladha yake. Ana homa, au kipandauso, au mgongo unamsumbua. Ukimlinganisha na jirani yake aliyemaliza miezi tisa bila hata kuumwa kichwa, umelinganisha wanawake wawili wenye maradhi na urithi tofauti, kisha lawama yote ukaitupia kidonge.

Ndiyo maana naupa nafasi kubwa utafiti wa Sweden uliochapishwa katika jarida la JAMA Aprili 2024. Ulifuatilia watoto wapatao milioni 2.48 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Asilimia 7.5 kati yao walikuwa na mama ambao rekodi za ujauzito zilionyesha kuwa walitumia parasetamoli. Kufikia umri wa miaka 10, usonji ulikadiriwa kuwa asilimia 1.53 kwa watoto hao na asilimia 1.33 kwa wengine. Mwandishi mwenye haraka angegawanya namba hizo akatangaza, bila kudanganya, kwamba hatari imepanda kwa asilimia 15. Mwenye subira angeona watoto 15 badala ya 13 katika kila 1,000. Watafiti walipozingatia tofauti za mama, maradhi yao yakiwemo, ongezeko likashuka hadi asilimia 5. Hatimaye wakalinganisha ndugu wa tumbo moja: mtoto ambaye mama alitumia dawa akiwa na mimba yake, na nduguye wa baba na mama ambaye mimba yake haikuwa na dawa. Uwiano wa hatari kati yao ukawa 0.98. Ongezeko limetoweka. Rejista ni ileile. Kilichobadilika ni mtu aliyesimamishwa kando ya mtoto.

Wakosoaji husema asilimia 7.5 ni ndogo mno, kwa kuwa kwingineko wajawazito wapatao nusu hutumia dawa hii. Basi wakunga wa Sweden hawakuandika yote. Hoja ina nguvu, na nakiri kwamba makosa ya rekodi hufifisha zaidi ulinganisho wa ndugu. Lakini mtu hawezi kuikumbatia ile asilimia 5 kisha akaikataa 0.98 iliyotoka katika daftari hilohilo. Utafiti wa Japani wa 2025, wenye watoto zaidi ya 200,000, nao haukuona ongezeko la usonji ulipolinganisha ndugu.

Lugha yetu nayo ina sehemu katika mkasa huu. Mtafiti husema mambo mawili yanaambatana. Gazeti la Kiswahili huandika dawa “yahusishwa na” usonji. Msomaji amelizoea neno hilo katika habari za mahakamani, ambako anayehusishwa na wizi ni mshukiwa tayari. Tafsiri ni sahihi kwa kamusi, lakini kidonge kimeshapandishwa kizimbani. Ningependelea “imeonekana pamoja na”, hata kama haipendezi kwenye kichwa cha habari.

Kwetu jambo hili si la kinadharia. Mjamzito mwenye malaria hupewa dawa ya kutibu vimelea, na parasetamoli ya kushusha homa. Akiiogopa, katika duka la dawa atakuta pia ibuprofeni na diklofenaki, dawa za jamii ambayo FDA, Oktoba 2020, ilionya isitumiwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba kwa sababu ya figo za mtoto na kupungua kwa maji ya uzazi. Huenda siku moja ushahidi bora zaidi ukaonyesha madhara madogo ya parasetamoli yaliyojificha. Sioni dalili hiyo katika data tulizo nazo. Mhariri aliyechapisha tangazo la Septemba bila barua iliyotoka siku hiyohiyo bado anadaiwa na wasomaji wake.