Unajenga Chanji? Pangilia hivi jiko la mbao na mawe

Jiko lenye kaunta ya mawe na makabati ya mbao linapendeza, ila linakula pesa. Likikosewa, mvua zikianza tu milango inavimba na haifungi tena.

Kanuni ni moja: jiwe likae panapopata maji na moto, mbao ikae panapoguswa na mkono.

1. Fikiria mvua kabla ya rangi

Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mbao hunyonya unyevu wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Mwambie fundi aache nafasi ya milimita 2 hadi 3 kuzunguka kila mlango wa kabati.

2. Mbao iwe imekauka kweli

Mninga na mkongo ni imara na zina rangi nzuri. Paini ni nafuu lakini ni laini, inabonyea haraka. MDF ikilowa inavimba na hairudi, hivyo isikae karibu na sinki.

Usiamini neno la muuzaji peke yake. Pima kipande kwenye mizani, kiweke ndani wiki 2, pima tena. Kikipungua uzito, mbao bado mbichi.

Mninga na mkongo ni miti ya msitu wa asili. Dai risiti na uulize kibali cha TFS, usije ukanunua mzigo wenye kesi.

3. Graniti au marumaru?

Kwa kaunta ya kupikia, chukua graniti. Marumaru halisi (sio vigae) huliwa na limau, siki na hata nyanya. Inabaki na madoa yasiyong'aa.

Kabla ya kulipa, dondoshea graniti maji na usubiri dakika 10. Ikibadilika rangi, inanyonya, hivyo itahitaji dawa ya kuziba vinyweleo. Usipoipaka, mafuta yataingia.

4. Uzito ubebwe na zege

Graniti ya unene wa sentimita 2 ina kilo zaidi ya 50 kwa mita moja ya mraba. Njia salama ni ile mafundi wetu wanayoijua: miguu ya tofali, juu zege lenye nondo, kisha jiwe. Mbao inabaki kuwa fremu na milango tu.

Milango ianze sentimita 10 juu ya sakafu ili maji ya deki yasiifikie.

5. Vipimo vya kumpa fundi

- Kimo cha kaunta: sentimita 85 hadi 90
- Upana wa kaunta: sentimita 60
- Kutoka kaunta hadi kabati la juu: sentimita 50 hadi 60
- Juu ya jiko la gesi: usiweke kabati la mbao, acha wazi

Mpikaji mkuu asimame apimwe. Kaunta ikiwa fupi kwake, mgongo ndio utakaolipa kila siku.

6. Acha mbao mahali pa kukaa

Juni na Julai kunapokuwa na baridi, jiwe linakuwa kama barafu. Sehemu ya kunywea chai na kuegemea mikono iwe ya mbao, ipakwe vanishi isiyopitisha maji pande zote, hata chini kusikoonekana. Fundi wengi huruka upande huo, na mbao hupinda.

Kama bado unatumia mkaa au kuni, pikia kwenye jiko la nje. Moshi utaharibu mbao, na hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Pesa ikiwa haitoshi

Anza na zege, graniti ya eneo la sinki na jiko, na mabomba. Milango ya mninga inaweza kusubiri, pazia litaziba kwa muda. Kubadilisha mlango ni kazi ya siku moja, lakini kung'oa kaunta ni kubomoa jiko zima.