Mtafsiri Ndiye Picha

Mpenzi wa filamu wa Kyela au Ipinda hakujifunza kuhukumu picha magazetini. Alijifunzia katika kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, kwenye benchi gumu nyuma ya pazia zito, akisikiliza watafsiri wa Dar es Salaam kama Lufufu wakipachika Kiswahili juu ya picha za ngumi na za Kihindi. Ndiyo maana utamu wa masimulizi husifiwa kabla ya uigizaji. Mtafsiri alipotosha? Alitia chumvi, tena nyingi. Lakini mlinganishe na waliomtangulia: mwaka 1935 mradi wa kikoloni wa Bantu Educational Kinema Experiment wa Vugiri ulizungusha Tanganyika na Nyasaland, ng'ambo ya Mto Songwe, filamu za kilimo na afya zenye maelezo ya santuri. Mradi ule uliagiza watazamaji; Lufufu alibembeleza mteja aliyelipa. Namhesabu Lufufu kuwa mhakiki wetu.